Farasi Kumi na Tano

Niliuza farasi kumi na tano,
wote ndani ya injini moja ya mtumbwi,
nikanunua mitamba wawili.
Igombe ilicheka.
Shemeji Lushinge akapiga hesabu kwa sauti:
miguu sitini kwa miguu minane!

Banda liko kati ya mawe mawili,
haya makubwa ya kwetu, yaliyokaa kama mizigo
ya mtu aliyehama akakosa wapagazi.
Ukuta wa mashariki sikuununua, wa magharibi pia.
Bati na misumari ni deni la kikoba,
ndiyo maana mtamba wa kwanza anaitwa Marejesho.
Wa pili sijampa jina. Wa kuuzwa hazoewi.

Kila siku matete, pumba,
mashudu ya pamba kwa kopo la rangi.
Alhamisi ni ya kupe: dawa masikioni, chini ya mkia,
popote penye ngozi laini,
maana ndigana haibishi hodi.

Baba alikuja kutoka Kwimba,
mtu wa ng'ombe wa kuchunga, ambao idadi yao haitaji.
"Ng'ombe wa kuletewa chakula, kama mzazi wa jana!"
Akazunguka banda mara tatu.
Akaweka kiganja mgongoni mwa yule asiye na jina,
akanyamaza muda mrefu,
kisha akauliza panga liko wapi.
Jioni alirudi na mzigo wa majani kichwani.
Hakutaka tuuzungumzie.

Mwezi wa tano Marejesho alilia usiku kucha.
Nkwabi akaja na pikipiki, mtungi wa baridi umefungwa nyuma,
akatoa mrija mwembamba kuliko wa soda.
Lushinge alinyoosha shingo: "Fahali mwenyewe yuko wapi?"
"Ndiye huyu."
Siku hiyo hakupiga hesabu.

Mimba ikitimia miezi saba, nauza.
Mtu wa Sengerema ameshaleta nusu ya fedha.
Maziwa yatatoka ng'ambo ya ghuba,
kwenye sufuria nisiyoijua,
na Sayi, mwanangu, bado anauliza
sisi tutakunywa lini.

Usiku huu injini yangu ya zamani imepita ziwani;
nakijua kikohozi chake.
Nimetoka na tochi mpaka bandani.
"Wewe," nimesema tu, "umelala?"
Wa pili amegeuza kichwa.
Basi. Ameshajipa jina.