Tanbihi kutoka Newala

Boksi lilifika na lori la salfa,
limefungwa kamba ya katani, jina langu limekosewa.
Ndani vitabu saba, vyote vya kumchambua mtu mmoja:
mshairi Mwingereza, bwana wa vichaka na vijito vya kwao,
ambaye mashairi yake yenyewe sijawahi kuyamiliki;
nayajua kwa vipande, kama unavyomjua jirani
kwa nguo zake zilizoanikwa.

Vilikuwa vya marehemu Mwalimu Malibiche.
Mjane wake alipiga simu: vichukue,
panya wameshaanza na faharasa.

Mhakiki wa kwanza anasema jalidi juu ya ua la mtufaha
ni kifo. Wa pili: hapana, ni mke.
Wa tatu anawakemea wote kwa kurasa arobaini
kisha anarudi palepale, kwenye kifo,
ila kwa istilahi.

Mimi jalidi sijaiona.
Nimeona ubwiriunga.
Julai, ukungu ukipanda kutoka bonde la Ruvuma
na kukaa Newala kama mgeni asiyeaga,
nimeona ua la mkorosho limepakwa unga mweupe,
laini, ukilipuliza halitikisiki,
na mama yangu hasemi kifo, hasemi mke.
Anasema, "Mifuko mitatu safari hii, siyo miwili,"
anatuma mtoto akaulizie pampu ya Nangumbi.

Nikaliweka hilo katika sura ya nne.
Msimamizi akanirudishia, wino mwekundu pembeni:
*Rejea iko wapi?*

Rejea ilikuwa shambani saa kumi na moja alfajiri,
mdomo umefungwa kipande cha kanga,
nyusi zimegeuka njano kwa vumbi la salfa,
inanifokea nishike tochi vizuri.

Usiku, umeme ulipokatika na kurudi na kukatika,
nilifika kitabu cha sita, kile cha maisha yake.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, chini kabisa,
herufi ndogo kama siafu:
majira yale ya baridi mshairi alikuwa mjini, kavunjika mguu.
Bustani hakuiona. Aliyetoka na taa
kuyahesabu maua yaliyoungua, mti kwa mti,
ni mkewe. Akamwandikia barua.
Barua ikawa shairi. Shairi likawa vitabu saba.
Mwandishi wa kitabu anaendelea na habari za mguu.

Ila pembeni mtu kapita na penseli,
kakandamiza hadi karatasi imetoboka kidogo:

*Baridi haina jina, kwa mwenye kulala ndani,*
*Aamkaye kuona, huiandika moyoni,*
*Kalamu tukiinena, na tuulize: ya nani?*
*Jalada hutaja bwana, umande u kwa mwandani.*

Nilicheka peke yangu. Mzee huyu!
Darasani alikuwa akitutwanga kwa nahau na vitenzi,
hata siku moja hakututajia kwamba anatunga.

Halafu nikaisogeza taa.
Hati ya Mwalimu naijua, miaka minne ilinisahihisha:
imelala kulia, kama mtu anayepanda mlima.
Hii imesimama wima.
Na K yake ina mguu uliojikunja kwa ndani,
K ileile iliyokosea jina langu juu ya boksi.

Nilivifungua vitabu vyote upya.
Penseli imo katika vyote saba.
Mahali fulani imeandika *uongo*. Mahali fulani *sawa*.
Mahali pengine ni orodha tu: chumvi, mafuta ya taa, ada ya mtoto.

Kesho ni zamu yetu ya pampu.
Sura ya nne iko mezani, tanbihi ya kumi na tisa
ina nukta, ina mwaka, ina ukurasa,
na mwanzoni pengo la jina.
Nimekula kwake ubwabwa mara ngapi?
Nimemwamkia miaka yote.
Siku zote tulimwita Mama Mwalimu.