Nyuzi za Sufu

Verlyn kafunika magurudumu ya nyuma
kwa masinia yangu ya keki.
Chini ya tumbo la gari kakaza
mabango ya uchaguzi uliopita:
mgombea aliyeanguka
anaichekea lami kutoka Rugby hadi Minot.
Mkia ni mbao nyembamba na gundi.
Watoto wa shule wanatuita kobe.

"Upepo hausukumwi," anasema. "Unabembelezwa."
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa
sijamwona akibembeleza kitu.

Leo kabandika nyuzi mwili mzima wa gari,
sufu nyekundu ya sweta niliyomfumia, hakuivaa.
Mimi nifuate na pikapu, nitazame zinavyolala.
Pikapu yenyewe inakunywa
kama mlevi siku ya mshahara;
tulichookoa mwezi mzima
kimeishia kabla ya daraja. Nimenyamaza.

Kwenye paa zimelala.
Mlangoni zimelala.
Nyuma ya kioo, pale mkia unapoanzia,
mmoja unahangaika,
unajipiga huku na huku.

"Umebaki mmoja," nikamwambia kwa simu.

"Upi?" akauliza, polepole,
kama mtu aulizaye hali ya mgonjwa.