Mtandao wa Bogumiła

Saa tatu usiku, huko Łódź,
intaneti ilikatika katikati ya sentensi.

Wiesław akazima kompyuta, akawasha.
Akabonyeza kitufe chenye picha ya ndege.
Akamfukuza dereva, akamwajiri tena.
Wapi!

Ndipo akaisoma orodha polepole:
Kowal-5, Paka Mnene, Nenda Ukanunue Wako.
Wa Bogumiła haumo.

Miaka sita anakula mtandao wa mama wa juu,
nywila kaandikiwa nyuma ya risiti ya mkate,
hata hali hajamjulia.

Akapanda ngazi na soksi tupu.
Akabisha. Kimya. Akabisha.

Mlango ukafunguka kidogo:
pasi mkononi, mvuke.
“Soketi inayofanya kazi ni moja tu,” akasema,
“na kesho namzika dada.”

Wiesław akaingia,
akamshikia upindo wa gauni jeusi.