Mwamba Chini ya Boneti

"Gari ni nyumba, Bi Sikudhani," alisema fundi Ruhwanya,
"na nyumba isiyo na mwamba, kuta zake hupeana kisogo."
Akanionyesha: chuma chekundu, kirefu kama mkono wangu,
chenye masikio mawili ya kuzikamata shokapu za mbele,
ya kulia na ya kushoto,
zisiwe tena kila moja na lwake.
Elfu themanini. Nati, alisema, ni juu yake.

Mimi nauza mayai.
Trei ishirini kila alfajiri, ndani ya kigari cha milango mitatu,
kutoka mabanda ya Mwandiga hadi migahawa ya stesheni,
kupitia ile kona ya kuteremka Mwanga
ambapo ziwa hukurukia usoni bila hodi
na trei za nyuma husogea zote pamoja, shwaa,
kama waumini wanaojaza safu.
Saba yalivunjika, nane. Siku moja, trei nzima:
tulikula kimanda hadi watoto wakakichukia.

Ukafungwa.
Siku ya kwanza yalivunjika mawili.
Mawili! Nikamwambia wifi, nikamwambia muuza mkate,
nikamwambia hata yule askari asiyetaka kusikia:
usukani unanijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Lakini usiku, nikihesabu sarafu, nikakumbuka
kwamba siku ileile Hamenya, kijana wa gereji,
alijaza upepo tairi zangu zote nne,
tairi zilizokuwa zimelegea tangu mwezi wa mfungo.
Hakunidai. Hakusema.
Nikakumbuka pia mguu wangu mwenyewe:
aliyelipa elfu themanini
hukata kona kama aliyebeba mtoto wa siku tatu.

Nikamwita Hamenya pembeni.
Kila jioni, nikamwambia, rusha hii mia mbili.
Simba, funga. Kichwa, fungua.
Usiniambie, usicheke, boneti nitaisahau.
Wewe andika chako, nami niandike changu.

Siku kumi na nne.
Tukakaa juu ya magunia ya pumba, madaftari mawili magotini.
Nilikuwa nimepatia mara nane.
Kuku wangu nao wangepatia mara nane.
Mayai? Ukiwepo: mawili, matatu, moja, matatu.
Usipokuwepo: matatu, mawili, mawili.
Ila pale kwenye kona ya Mwanga,
pale tu, na kwa mwendo ambao mayai hayapendi,
pua ya gari iligeuka mapema kidogo ukiwepo.
Unywele mmoja.
Nasema kweli, ingawa sababu ya kudanganya ninayo:
elfu themanini.
Na kwenye makorongo ya Mwandiga, kabla ya lami,
mwamba ulinipelekea kila shimo hadi kwenye viwiko,
kama jirani asiyeweza kukaa na habari.

Ruhwanya alinuna. "Mayai hayajui gari."
Kisha, kwa kunikomoa nadhani, akaingia uvunguni,
akakaa huko muda mrefu, kimya,
akatoka na bushi mbili kiganjani,
zimelika, zimepasuka,
ufizi uliokwisha meno.
"Hizi," alisema, polepole, "ndizo tulipaswa kuanza nazo."
Hakunitazama. Nami sikumtazama.
Elfu kumi na nne, zote mbili, na kazi.

Mwamba sikuutoa.
Nikifungua boneti kuongeza maji pale stesheni
vijana husogea, hukunja mikono, hutikisa vichwa:
"Bi huyu ana mashine."
Siwaambii kitu.
Unywele mmoja ni unywele mmoja,
na wekundu ule, kusema kweli, unanipendeza.

Leo limevunjika yai moja,
na hilo nililiangusha mwenyewe
nikifungua mlango kwa kiwiko.