Vidole Viwili

Saa kumi jioni mbingu ya Miotoni ilipasuka
ikamwaga mawe.
Kwanza ukubwa wa njugu mawe,
kisha ukubwa wa mapera machanga;
bati la zizi likapiga kelele hata ng'ombe wakanyamaza.
Nusu saa, basi.
Tulipotoka, njia haikuwepo.
Toka langoni hadi barazani, mita mia na arobaini
(nazijua, kokoto zake nilizimwaga mimi, malori matano)
kumelala kitu cheupe,
penye bonde kinafika gotini,
kinafuka moshi kama sufuria iliyofunuliwa.

Bi. Adhola keshavaa buti, mkoba wa sindano begani.
Kuna ng'ombe Dagoretti, ndama amekaa kinyume,
mguu mmoja uko nje.
"Kilonzi, toa hicho kitu."
Toa! Kama kwamba nimezaliwa nacho.

Trekta ni lile jekundu,
mpira wa kushoto umezibwa mara tatu,
haliwaki bila kubembelezwa.
Nyuma lina bamba la kusawazishia maram.
Nikalishusha hadi chini, kama siku zote,
nikaenda mwendo mfupi, nikageuka kutazama:
nimekomba barafu na kokoto na pesa za watu,
vyote viko kwenye nyasi kama matapishi.

Ndipo nikamkumbuka Muthiani.
Huko aliko ndugu yangu, hii ndiyo kazi,
miezi minne ya mwaka, usiku, kwa mshahara.
Hunitumia sauti yake akiwa kitini,
injini ikinguruma nyuma ya maneno:
Kwenye lami, shusha. Kwenye kokoto, inua vidole viwili.
Acha kidogo chini.
Mtaka yote hukosa yote, na kokoto za mwenye nyumba.
Nami nilikuwa nikiwasikilizisha wenzangu bandani:
msikieni huyu, analima maji.

Nikainua. Vidole viwili.
Gia ya kwanza, polepole,
na ile nyeupe ikaanza kujikunja pembeni,
ikilalia ua wa kayaba,
ikisaga meno.

Mwaka ule Mama alipotutoka, Januari,
Muthiani alisema barabara imefungwa.
Nikamuuliza, na nani?
Akasema, na theluji.
Nikamwambia Mto Athi hufurika na watu huvuka.
Nikamwambia na mengine, sitayaandika hapa.
Tulizika saa nane.
Udongo wake, ule wa mkono wa kifungua mimba,
niliutupa mimi.

Sasa niko juu ya trekta, Nairobi,
Nairobi hii ya vumbi na madeni ya maji,
magurudumu yanazunguka palepale,
yanatafuna weupe, yanautema.
Zimebaki mita sitini.
Lango naliona.
Kufuli lake naliona.
Silifikii.

Nilizima injini. Sijui kwa muda gani.
Bi. Adhola alidhani dizeli imeisha,
akaja na dumu, akaniangalia usoni,
akaliweka chini bila neno.
Kisha tukatandika magunia chini ya magurudumu, mimi na yeye,
tukatoka.

Kufikia asubuhi ile chungu yote ilikuwa tope.
Kayaba ilikuwa imepukutika, imebaki miiba.
Ndama hakuishi; mama yake anasimama.
Nami niko nyasini na reki, nachambua kokoto.

Usiku nilikuwa nimemrekodia Muthiani injini tu,
dakika moja, bila salamu.
Sikujua nianzie wapi.
Jibu limeingia saa hii, na kwake bado ni giza:
Chujio lako la dizeli limeziba, lisikilize linavyokohoa.
Kimya. Kitu kinakwangua chini, mbali.
Halafu:
Uliinua?