Sina Deni

Ililetwa Grogan juu ya trela, Jumanne, mvua ikinyesha,
mashua ya futi kumi na nne, tumbo limebabuka rangi,
ikaegeshwa kati ya giaboksi za Isuzu na milango ya Probox
kama mgeni wa harusi aliyekosea hema akaingia matangani.
Ubavuni imeandikwa kwa brashi: SINA DENI.
Watu wa mtaa huu hawakosi neno.
"Gathitu, leo unatibu samaki?"

Mwenye mashua ni Kavulani, gambuti hadi magotini.
Anasema: tunang'olea magugu kule bwawani, nyuma ya Lang'ata.
Ukiwasha inasema tk.
Mara moja. Kisha kimya.
Taa zinafifia kama uso wa mtu aliyeulizwa kodi.
Pampu ya ngama imegoma, maji tunayakomba kwa mkebe wa Kimbo.
Mafundi wawili wameniuzia betri mpya.
Wawili, akarudia, akiniangalia.

Nikapima. Kumi na mbili nukta saba.
Betri haina kosa. Betri ilisingiziwa.

Miaka kumi na tisa nimekula kwa magari.
Gari lote ni chuma: ukikosa njia ya kurudi
unaegemeza waya mweusi popote, kwenye boliti, kwenye chesisi,
na umeme unajijua, unafika kwao.
Nikagusisha mita ubavuni mwa mashua. Sufuri.
Nikakwaruza rangi, nikagusa tena. Sufuri.
Nikaipiga mita kofi.
Syombua, mwanagenzi wangu wa miezi minne,
akasema taratibu, asinivunjie heshima mbele ya mteja:
"Fundi, hii ni faiba. Ni ndoo ya plastiki yenye injini."

Basi humu hakuna ardhi.
Kila umeme unaotoka umekopwa,
na lazima urudi kwa miguu yake, kwa waya wake,
taa na wake, pampu na wake, stata na wake mnene kama kidole,
hadi pale pale ulipotoka.
Ukikwama njiani hakuna jirani wa kuupokea.

Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
ncha ya pili kwenye mwili wa injini.
"Bonyeza, Syombua." Tk.
Nane.
Volti nane zimekaa mahali pasipotakiwa kuwa na kitu,
zimekaa tu, kama vijana wa kona.

Tukainua kiti cha nyuma, tukainua ubao,
nikaingiza mkono kwenye maji yenye mafuta na mizizi
nikaipata: boliti moja, nyaya nyeusi saba,
zote zimevaa kutu ya kijani, laini, kama ukungu wa mkate.
Nikakata. Shaba ndani nyeusi.
Nikakata tena, kiganja kizima, mpaka ikang'aa.
Magadi, mswaki mkuukuu, msasa, vichwa vipya, grisi.
Boliti tukaihamisha juu, ngama isiifikie.

Injini hii haiungurumi kavu; itaungua koo.
Tukanunua pipa la maji kwa muosha magari, shilingi hamsini,
tukatumbukiza mkia wake humo.
Ikawaka.
Kirinyaga Road nzima ikaacha spana.
Pampu ikakohoa, ikanitapikia viatuni
maji, kifuniko cha Kimbo, na jani la gugu, bichi kabisa.

Nilipokuwa nafunga betri ndipo nikaigeuza kuona tarehe.
Stika ya Januari. Jina la duka langu,
mwandiko wangu, nambari yangu ya simu.
Nakumbuka sasa: aliuliza dirishani, nilikuwa na chai mkononi.
Sikuuliza ni ya gari gani.

Kavulani alikuwa ameegemea trela,
anapangusa gambuti kwa gazeti, hana haraka.
"Ni ngapi, fundi?"
Syombua akawa anatazama kwingine.
Nikasoma ubavu wa mashua,
nikasoma tena.

"Maji ya pipa," nikasema. "Hamsini."
Akatoa mia.
Akangoja chenji.