Rubani: Hakuna

Kitabu nilikikuta chini ya mifuko ya saruji,
bohari namba tatu, bandari ya Kigoma.
Mchwa wamekila kuanzia jalada hadi kanuni ya nne,
kwa hiyo yapo mambo ya nanga na ushuru
wanayoyajua wao tu.

Ya tano imesalimika:
meli izidiyo tani hamsini isiingie ghubani
bila rubani mwenye cheti.
Ya sita: cheti atapewa asomaye ramani.
Ya saba: mwenyeji aweza kusimama kando ya usukani
kuonyesha njia, kwa senti thelathini,
wala asiitwe rubani.

Mwandiko ni wa babu yangu, karani Zakayo Ntahondi,
herufi zimelalia upande
kama watu waliochoshwa na foleni.
Aliambiwa afasiri, akafasiri.
Penye "wala asiitwe" pana tone la wino.
Kalamu ilisita, au nzi alitua.
Sitaki kumsingizia babu ushujaa.

Halafu daftari la meli.
Machi nne: imeingia salama, mapipa ya mawese. Rubani: hakuna.
Machi kumi na moja: imeingia salama, ukungu mzito. Rubani: hakuna.
Machi ishirini: salama. Hakuna.

Hakuna huyo alikaa Bangwe.
Mama yake Mbwari, jina lake Songoro,
kidole gumba cha kulia kilikatwa na kamba ya chubwi
akiwa bado hajaota ndevu.
Tangazo lilipobandikwa mlangoni mwa forodha
alilipita kama anavyopita ukuta.
Alikuwa na kanuni zake,
akiwakaririsha vijana wa sitaha hadi wanune:

    Bangwe ikija usoni, tia chubwi usichoke,
    kuna jiwe li majini, karatasi usisake,
    lina mngurumo ndani, sikiliza neno lake,
    Kongo iwe mgongoni, ndipo meli igeuke.

Usiku mmoja wa Aprili
honi ililia mara tatu huko nje, ikanyamaza.
Ramani, pale penye jiwe, ilichora maji matupu.
Songoro akasukuma mtumbwi.

Sasa soma ya ishirini na mbili:
mtumbwi wowote usiku na uwe na taa iwakayo.
Taa alikuwa nayo.
Upepo wa ng'ambo haukuwa umesomewa kanuni.
Akaenda gizani, akipiga kafi,
akapanda kwa kamba, akasimama kando ya usukani,
kando, kama ilivyoandikwa,
akasema kushoto, akasema bado, akasema sasa.

Kulipokucha meli ilikuwa gatini.
Abiria wanashuka na kuku wao waliolowa,
mama mmoja anagombana na kuli juu ya godoro.
Na Songoro yuko mbele ya meza
kwa kosa la kutowasha taa.
Shilingi mbili.

Nakala ya kaboni ninayo, buluu imefifia.
Bwana wa bandari alitia saini bila kusoma,
paa lilikuwa likivujia faili zake.
Muhuri upo, tai na taji la nani sijui, umepinda kidogo.
Na juu ya saini ile,
kwa herufi za babu zilizolalia upande:
*Imepokelewa faini, Sh. 2/=,
kutoka kwa Songoro, wa Bangwe.
Kazi: rubani.*

Katika kurasa mia na arobaini
neno hilo na jina hilo havikukutana tena.

Nakala halisi alipewa mwenyewe.
Wajukuu zake wanasema aliikunja mara nne,
akaitia kwenye mkebe wa tumbaku, akaufukia chini ya kitanda
kama mtu afichaye aibu,
maana shilingi mbili zilikuwa karo ya jembe na chumvi ya miezi.
Kusoma hakujua.

Babu yangu alijua kusoma,
na kutoka forodhani hadi Bangwe
ni mwendo wa mtu kumaliza muwa mmoja.
Sijui kama aliwahi kwenda.